Mbwa wa Garbatulla Anahitaji Sindano Kabla ya Leseni

Kila mtoto anapong'atwa, hoja ile ile hurudi. Mbwa wote wa Garbatulla waandikishwe. Mwenye mbwa akate leseni kila mwaka. Mbwa avae kibati chenye namba shingoni, na atakayekutwa bila kibati auawe. Mmezisikia hoja hizi kwenye baraza, nje ya msikiti na kwenye soko la mifugo, kwa hiyo sina haja ya kuzisimulia upya. Nitazichukua moja moja, nizieleze kwa nguvu ile ile wanayozipa watetezi wake, kisha nizipime. Nyinyi wasomaji ndio waamuzi.

Niseme kwanza ninaposimama, asije mtu akanibandika msimamo ambao si wangu. Nataka kila mbwa wa Garbatulla, kuanzia Kinna hadi Sericho, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Nataka mbwa aliyechanjwa awe na alama inayoonekana kwa macho, na mwenyewe ajulikane. Ninachokataa ni leseni ya kulipiwa inayotangulia chanjo, faini inayomwandama asiyelipa, na risasi au sumu kwa mbwa ambaye bwana wake siku ile hakuwa na pesa mfukoni.

Wanaanza na Katiba, na hapo wanastahili kusikilizwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika sehemu inayoorodhesha kazi za kaunti, linataja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo, wanasema, kaunti yetu ya Isiolo haina hiari, na kila mwaka unaopita bila leseni ni mwaka wa kuipuuza Katiba. Someni kifungu chote. Leseni za mbwa zimewekwa chini ya kichwa cha udhibiti na ustawi wa wanyama, na zimefuatanishwa na jambo la pili: mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Wenzetu hawa hutaja la kwanza na kulinyamazia la pili. Sijamsikia hata mmoja wao akidai banda la kuwahifadhi mbwa waliokamatwa wakati wenyewe wanatafutwa. Ikiwa kifungu ni amri, basi kinaamuru yote mawili. Na ukweli ni kwamba Jedwali hilo linagawa mamlaka kati ya serikali kuu na kaunti. Halipangi ratiba ya nini kitangulie. Orodha hiyo hiyo inazipa kaunti usimamizi wa kasino na sinema, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Garbatulla inaivunja Katiba kwa kukosa kasino. Katika aya ya kwanza ya orodha hiyo hiyo mna udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Anayetaka kuisimamia Katiba ana pa kuanzia pengine, na ndipo mahali panapookoa maisha.

Hoja ya pili ndiyo nguzo yao: leseni itakomesha kichaa cha mbwa. Mbwa akiwa na leseni atajulikana, akijulikana atachanjwa, na akichanjwa ugonjwa utakatika. Kiungo cha mwisho cha mnyororo huo ni cha kweli kabisa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote hupata virusi kwa meno ya mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa na kurudia mwaka hadi mwaka, virusi hukosa pa kupita. Mkakati wa Kenya wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu, wa 2014 hadi 2030, umejengwa juu ya asilimia hiyo. Hadi hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kiungo cha kwanza, kile kinachodhani kwamba mtu akiwekewa ada atajitokeza. Ushahidi unasema kinyume, na si wa mahali pamoja. N'Djamena, mji mkuu wa Chad, wamejaribu njia zote mbili. Walipowatoza wenye mbwa ada ya chanjo mwaka 2006, waliochanjwa hawakufika hata robo ya mbwa wote. Chanjo ilipotolewa bure mwaka 2012 na tena 2013, wakafika asilimia 71. Mji ni ule ule, na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni ada. Mkumbuke pia kwamba watu wa N'Djamena, walipolipa, waliondoka na mbwa aliyechanjwa. Leseni inayopigiwa debe hapa ingemtoza mfugaji kabla hajapata chochote. Kama robo haikufikiwa pale ambapo pesa ilinunua sindano, nani anaamini kwamba asilimia 70 itafikiwa pale ambapo pesa inanunua kibati?

Wanaosema Chad ni mbali waitazame Tanzania. Serikali ya huko ilipoagiza mifugo ivishwe hereni za kielektroniki kwa gharama ya mfugaji, malalamiko yalizidi hadi zoezi likasimamishwa mwaka 2022. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jambo hilo hilo huko Bariadi, mkoani Simiyu, kwa sura nyingine: chanjo na utambuzi vikaja pamoja, chanjo ikawekewa ruzuku, hereni zikatolewa bila malipo. Mfugaji akawa anapeleka ng'ombe wake wapate kinga, na hereni inafuata. Nchi jirani ilijaribu kuutanguliza utambuzi wa kulipiwa ikalazimika kuugeuza. Sisi tunaombwa tuanze pale pale walipoanguka.

Sasa tuje kwenye hoja ya mapato, kwa sababu hapo ndipo wengi wa wenye nia njema hushawishika. Inasema hivi: kaunti ni maskini, dawa hugharimu pesa, ada ndogo ya leseni italipia chanjo, kwa hiyo wenye mbwa watajichangia wenyewe kinga ya wote. Inasikika kama haki. Lakini Ibara ya 207 ya Katiba inaagiza pesa zinazokusanywa na serikali ya kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa kwa Sheria ya Bunge, na pesa hazitoki humo bila idhini ya sheria. Shilingi iliyolipwa kwa ajili ya mbwa Malkadaka huingia kapu moja na ushuru wa soko na maegesho ya Isiolo mjini. Itatoka kununua chanjo iwapo tu bunge la kaunti litaitenga kwenye bajeti. Na ikiwa bunge liko tayari kutenga pesa za chanjo, linaweza kuzitenga leo bila leseni hata moja kukatwa. Ikiwa haliko tayari, leseni elfu moja hazitalilazimisha. Kwa vyovyote vile, leseni haina kazi katika hesabu hiyo.

Kuna na Ibara ya 209. Kaunti inaruhusiwa kutoza malipo kwa huduma inazotoa, lakini kodi zake zimewekewa mipaka: za mali isiyohamishika, za burudani, na nyingine yoyote itakayoidhinishwa na Sheria ya Bunge. Watetezi wa leseni watuambie huduma inayotolewa kwa ada hiyo ni ipi. Wakisema ni chanjo, basi iitwe ada ya chanjo, na mtu asidaiwe hadi mbwa wake achomwe sindano. Wakisema ni kuandikwa kwenye daftari, wamekiri kwamba mfugaji analipa ili ajulikane kuwa ni wa kulipa. Tena ukusanyaji una gharama zake. Garbatulla iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Isiolo mjini, na kutoka Garbatulla hadi Sericho ni safari nyingine. Gari linalokwenda huko linachoma mafuta yale yale likibeba karani wa stakabadhi au likibeba sanduku la barafu lenye chanjo. Mimi najua ningependa libebe nini.

Hoja ya nne inanisumbua zaidi kwa sababu inajipinga yenyewe hadharani na hakuna anayeikamata. Upande mmoja tunaambiwa: hapa ni nyumbani kwa Waislamu, sisi hatufugi mbwa, hawa wanaozurura mjini wote ni mbwa koko. Upande wa pili, na mara nyingi kwa mdomo ule ule, tunaambiwa: wenye mbwa wawajibike, wakate leseni. Chagueni moja. Ikiwa mbwa wote hawana mwenyewe, leseni haina wa kuilipa, na sheria nzima imebaki na kipengele kimoja tu cha kutekelezwa, yaani kuua. Ikiwa wana wenyewe, basi acheni kuwaita koko, kwa sababu jina hilo ndilo linalohalalisha kuuawa kwao.

Ukweli ni kwamba wengi wana wenyewe. Tafiti za Kenya na Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kuwa mbwa wa vijijini huzurura mchana huku wakiwa na boma wanalorudi jioni. Nendeni kwenye manyatta yoyote nje ya mji wakati wa magharibi. Mbuzi wanaingizwa, mlango wa zizi unazibwa kwa matawi ya miiba, na mbwa anajilaza upande wa nje, mgongo kwenye miiba, uso gizani. Hajafungwa wala hana ukanda shingoni, na hakuna ndani ya manyatta asiyejua ni wa nani. Fisi akisogea usiku, yeye ndiye wa kwanza kusema. Kuhusu dini, msidanganywe kwa nusu ya mlango wa fiqhi. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi huku wanayafuata, yanahesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa kuwinda na wa kulinda mazao. Mborana mwenye mbwa zizini hajavunja dini yake wala hana sababu ya kumficha. Atamficha siku mtakapompa sababu.

Na sababu wanayotaka kumpa ni hii ya tano: asiye na kibati auawe. Wanaitetea kwa kusema kwamba mbwa wakipungua, ugonjwa utapungua, na kwamba kaunti haina uwezo wa kuwalisha mbwa wasio na mwenyewe. Kwa kuisikia tu, inaonekana ni hesabu rahisi. Kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kiliifanya hesabu hiyo. Kichaa cha mbwa kiliingia huko mwaka 1997 na mbwa walioletwa kwa mashua. Serikali ikaamua kuua, na karibu nusu ya mbwa wa kisiwa wakamalizwa. Ugonjwa ukabaki, na watu wakaendelea kufa. Sababu si fumbo. Mbwa wa vijijini huishi muda mfupi na kuzaa haraka. Ukiua nusu, watoto wanaozaliwa baadaye hupata chakula zaidi na kuishi, na watu huleta mbwa wengine kutoka mbali kuziba pengo, pengine wakiwa tayari wameambukizwa. Juu ya hayo, mwenye bunduki hana njia ya kumtambua aliyechanjwa asiyevaa kibati, kwa hiyo unaua pamoja nao mbwa ambao walikuwa ukuta wako.

Linganisheni na Pemba. Kisiwani humo mbwa walichanjwa kwa wingi, ugonjwa ukatoweka. Ukarudi mwaka 2016 ukitokea nje, na hata hapo kilichouondoa tena ni chanjo. Tangu mwishoni mwa 2018 wachunguzi hawakuupata tena. Visiwa viwili, virusi vile vile, njia mbili tofauti. Pemba, mnajua, ni kisiwa cha Waislamu wa madhehebu hayo hayo ya Shafii. Hawakusubiri kupatana kuhusu najisi ndipo wachanje.

Kuhusu sumu nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo liko wazi. Nyama ya sumu haichagui mlaji. Kinna inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Meru, na hifadhi ya Bisanadi iko ndani ya eneo letu. Fisi atailamba nyama hiyo, na simba pia, na tai akishuka kwenye mzoga wa mbwa atakufa juu yake. Mtoto mchungaji anayeokota mfupa naye hula kwa mkono huo huo. Anayependekeza sumu atuonyeshe jinsi atakavyoiwekea mipaka.

Tena kuna kumbukumbu ambayo mtu wa Isiolo mjini au Nairobi huenda asiibebe, na ambayo mtunga sheria hana ruhusa ya kuisahau. Wazee wa Waso, yaani Waborana wa eneo hili, wana jina la enzi za vita vya shifta, miaka ya 1960: Gaf Daba. Watu walikusanywa na kuzuiliwa, Garbatulla ikiwa mojawapo ya mahali hapo, na mifugo iliyokutwa nje ya mipaka iliyowekwa ilipigwa risasi. Familia zilizoingia humo na ng'ombe zilitoka maskini. Sisemi kwamba leseni ya mbwa ni sawa na mateso yale. Anayesema hivyo anawadharau waliokufa. Nasema kwamba sheria inayoanza kwa kuandikisha wanyama na kuishia kwa kupiga risasi waliokosekana kwenye daftari, ikiletwa mahali hapa bila mazungumzo ya kweli, itasomwa kwa macho ya wale waliokuwepo. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi yake. Ushirikishwaji wa siku moja ukumbini Isiolo mjini haumfikii mtu ambaye sheria inamhusu.

Hoja ya sita ndiyo bora kuliko zote walizonazo, na naipa heshima yake. Inasema hivi: mtoto akiumwa, mbwa akiwa na namba, mwenyewe atapatikana, akipatikana atalipa gharama za hospitali na atajifunza kumchunga mnyama wake. Leo mama anabaki na kidonda cha mwanawe na hakuna wa kumdai. Uchungu wa mama huyo ni wa haki. Nakubali kwamba mwenye mbwa lazima ajulikane. Lakini fuateni mambo yanavyokwenda tangu saa ya kwanza. Kidonda huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto hukimbizwa hospitalini kuanza sindano ambazo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Wakati huo huo kuna jambo moja ambalo daktari anataka kulijua kuliko jina la mwenye mbwa: mbwa yuko wapi? Mbwa aliyeng'ata akiwekwa chini ya uangalizi siku kumi akabaki mzima, basi hakuwa akiambukiza siku ile aliyong'ata. Akiugua au akifa, hatari inajulikana, na wengine alioweza kuwang'ata wanatafutwa. Mbwa huyo akiwa hai ni ushahidi. Sasa mwekee mwenyewe sheria inayosema kwamba namba ya kibati ndiyo itakayomfikisha mahakamani, na kwamba kutokuwa na kibati ni kosa jingine. Usiku ule ule mbwa atauawa na kufukiwa, au atapelekwa na kundi la fora, mifugo inayolishwa mbali na boma, upande wa pili wa mto. Mama atakuwa amepoteza mdaiwa na pia jibu alilolihitaji daktari. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, tayari inawapa maofisa wa mifugo mamlaka juu ya mnyama anayeshukiwa. Kinachokosekana ni mtu wa Garbatulla kuwa na sababu ya kumwita ofisa badala ya kumkimbia, na sababu hiyo haipandwi kwa faini.

Hoja ya mfano wa wengine haihitaji muda mrefu. Nairobi, wanasema, ina sheria yake ya mbwa tangu 2015, na Wazungu wanaweka chipu chini ya ngozi. Nairobi ina mageti, kuta na kliniki za mifugo katika mitaa mingi. Sheria iliyoandikwa kwa mbwa wa nyuma ya geti haitamkuta mbwa anayelala nje ya zizi la miiba. Chipu ni chombo kizuri mahali penye kisomeo na daftari la kielektroniki lililounganishwa nacho, lakini haionekani kwa macho, na mchungaji aliyeko Iresaboru hana cha kuisomea. Akitaka kujua kama mbwa aliyemkaribia mwanawe amechanjwa, anahitaji kitu anachokiona kutoka mbali, kama kola ya plastiki yenye rangi ya mwaka huo. Na ikiwa Uingereza ndiyo kigezo, tuichukue kwa ukamilifu. Uingereza iliamua kuifuta leseni ya mbwa mwaka 1987, ikiwa ya peni 37 tu, baada ya wenye mbwa wengi kuacha kuilipa. England ilipolazimisha chipu mwaka 2016 haikuirudisha leseni hiyo. Mfano unaotolewa kutetea leseni ni wa nchi iliyoitupa leseni na kubaki na utambuzi. Hicho ndicho ninachokiomba mimi.

Wakibanwa hadi hapo hukimbilia ngome ya mwisho: chanjo ya bure ni ndoto, kwa sababu jua la huku huharibu dawa, na mfugaji hakai mahali pamoja. Natamani kila mjumbe wa bunge la kaunti aijibu hoja hii mwenyewe, kwa kuwa majibu yapo. Kuhusu joto, utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2016 ulipima chanjo ya mbwa ya Nobivac iliyokaa nje ya friji, na ikabaki na nguvu baada ya miezi sita katika nyuzi 25, na baada ya miezi mitatu katika nyuzi 30. Garbatulla huzidi nyuzi 30 mchana, ni kweli, lakini hatusemi chanjo iachwe juani kwa miezi. Tunasema sanduku la barafu la siku mbili au tatu linatosha kabisa kuifikisha. Watafiti hao wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi na kutengeneza chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji, kikihifadhi chanjo vijijini bila umeme. Udongo tunao.

Kuhusu kuhama, wanaoitoa hoja hii hawajauliza mifugo inahama vipi. Haizagai ovyo. Dedha, baraza la wazee wa malisho, hupanga malisho ya masika na ya kiangazi, na kwenye visima aba herega, msimamizi wa zamu za maji, hujua ni kundi la nani litakunywa leo na la nani kesho. Ukitaka kuwapata mbwa wa Garbatulla, usifungue ofisi. Uliza zamu za visima. Mbwa wa fora hufuata kundi hadi majini. Hapo ng'ombe wakisubiri zamu, kijana anamshika mbwa wake kwa shingo, anamfunga mdomo kwa kamba ya mkonge mizunguko miwili, anambana kati ya magoti, na mhudumu wa mifugo anamdunga chini ya ngozi ya bega. Kazi hiyo haifiki hata dakika mbili. Kola inafungwa, jina la mwenyewe linaandikwa kwenye kadi, jina la kisima linaandikwa kando yake, na anayefuata anasogea. Hilo ndilo daftari la mbwa ambalo watetezi wa leseni wanalitaka, limepatikana bila askari, bila faini, na limeandikwa na watu waliojitokeza wenyewe. Kila mara kikosi cha kaunti kinapokwenda kuchanja mbuzi na ng'ombe, kinapita karibu na mbwa hao hao. Kuongeza chupa za chanjo yao kwenye sanduku hilo hakuhitaji gari la pili.

Wapo watakaosema kwamba kola hupotea na kadi hulowa. Ni kweli. Kibati cha leseni nacho hupotea. Tofauti ni kwamba kola ikipotea, kinga inabaki mwilini mwa mbwa. Kibati kikipotea, kwa sheria wanayoitaka wao, mbwa anapoteza uhai.

Kwa hiyo rasimu yoyote ya sheria ya mbwa itakapoletwa mbele yenu, msianze kusoma kwenye ukurasa wa adhabu. Tafuteni mambo manne. Je, chanjo imetamkwa kuwa bure? Je, alama na uandikishaji vinafuata sindano, au vinaitangulia? Je, mbwa aliyekamatwa ana mahali pa kuwekwa na siku za kungojewa kabla ya jambo lolote kutendeka? Na kwenye bajeti ya mwaka huo, chini ya afya ya mifugo, imeandikwa dozi ngapi za kichaa cha mbwa kwa wadi za Kinna, Garbatulla na Sericho? Mwakilishi wa wadi akileta rasimu yenye jedwali la faini na hana jibu la swali la nne, mrudishieni karatasi yake, na mwambieni arudi akiwa na namba ya dozi.